Jipime Kabla Baraza Halijakupima

Mtihani wa fizikia ukiisha na watahiniwa wakatoka nje, maneno ni yale yale kila mwaka. "Pepa ilikuwa laini." "Imenikaanga." "Namshukuru Mungu, nimejaza kurasa zote." Hakuna anayetaja namba. Hakuna anayesimama barazani akasema: nimepata kati ya 52 na 58, alama nyingi nimeziacha kwenye swali la mawimbi, na lile la transfoma nina hakika nalo. Miezi inapita, matokeo yanatangazwa, na aliyekuwa akicheka siku ile anajifungia chumbani, huku aliyelia akipigiwa simu za pongezi. Tunasema ni bahati. Tunasema wasahihishaji walikuwa wakali. Hatusemi kwamba mtu amekaa na kichwa chake mwenyewe miaka minne bila kujua mna nini ndani yake.

Mdogo wangu unayesoma sayansi, uwe kidato cha pili bado unahangaika na vizio, au uko PCM, PCB, CBG na unahesabu wiki zilizobaki, nakuandikia wewe. Unaweza kujua uwezo wako kwa ukaribu mkubwa kabla ya mtu mwingine yeyote kukuwekea alama. Na ukishaujua utaanza kupanda, kwa sababu utaacha kupoteza saa zako kwenye mada unazozimudu na kuzikimbia zile zinazokuangusha. Sikwambii hivi ili kukufariji. Nakwambia kwa sababu watu wamelipima jambo hili kwa miaka mingi, na kipimo kiko upande wako.

Fikiria kwanza namna unavyofundishwa. Kwenye titresheni husomi bureti ukiwa umesimama juu yake; unainama mpaka jicho liwe sawa na usawa wa kimiminika, maana ukisoma kutoka juu namba inakudanganya. Unafanya jaribio la awali, halafu unarudia na kurudia mpaka upate namba zinazokaribiana, ndipo unatafuta wastani. Mwalimu akikuuliza umetumia asidi kiasi gani, huthubutu kumjibu kwamba unahisi ni kama mililita 20. Lakini akikuuliza kama unaijua mada ya moli, unajibu palepale: "Hiyo naijua." Umeijua kwa kipimo gani? Lini? Umerudia mara ngapi? Sayansi yote uliyosoma inakukataza kuamini namba isiyopimwa, na bado namba muhimu kuliko zote kwako, ile ya kiasi unachokijua, unaikadiria kwa hisia.

Mwaka 1999 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, Justin Kruger na David Dunning, walichapisha utafiti ambao tangu hapo umetajwa kila mahali. Waliwapa wanafunzi majaribio ya mantiki, ya sarufi, hata ya kutambua utani unaochekesha, kisha wakamuuliza kila mmoja anadhani amewapita wenzake wangapi. Robo ya chini kabisa ya kundi, kwa wastani, ilikuwa imewapita watu 12 tu katika kila 100. Wenyewe walidhani wamewapita 62. Maelezo ya watafiti yalikuwa mazito: ujuzi unaohitajika ili ulipate swali ndio ule ule unaohitajika ili ugundue kwamba umelikosa. Mwanafunzi ambaye hajaelewa uhifadhi wa momenta hawezi kuona kwamba ameuvunja kwenye mstari wa tatu wa jibu lake. Anaona kazi safi, anapiga mstari chini ya jibu na kuendelea na swali linalofuata.

Wapo waliousahihisha utafiti huo, na ni haki yako kuwasikia. Mtu aliye chini kabisa akikosea kujikadiria, hana pa kukosea ila kwenda juu, kwa hiyo sehemu ya pengo lile ni tabia ya hesabu tu. Edward Nuhfer na wenzake waliwapima wanafunzi wa vyuo vya Marekani juu ya uelewa wao wa sayansi, na katika makala zao za mwaka 2016 na 2017 walionyesha kwamba wengi hujikadiria kwa usahihi wa kuridhisha, na wanaojiona wako juu sana ilhali wako chini sana ni wachache. Naupokea ukosoaji huo kwa mikono miwili. Maana yake ni kwamba hukuzaliwa ukiwa huwezi kujiona. Macho unayo; kinachohitajika ni kuyazoesha.

Katika utafiti ule ule wa Kruger na Dunning kuna kipande ambacho watu hawakisimulii, nacho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Waliwachukua baadhi ya wanafunzi, wakawafundisha kidogo namna ya kutatua maswali ya mantiki, kisha wakawarudisha wayatazame majibu yao ya mwanzo. Waliokuwa chini kabisa, baada ya somo hilo fupi, walianza kuyaona makosa yao na wakashusha makadirio yao. Soma tena hapo. Walikuwa wanajua zaidi kuliko saa moja iliyopita, na wakati huo huo walijiona wako chini zaidi. Basi siku utakapofungua daftari lako la hesabu ukakuta makosa ambayo wiki iliyopita hukuyaona, usilifunge kwa huzuni. Umesogea mbele, na makosa hayo ndiyo ushahidi wake.

Kwa wasichana nina neno la pekee, na nitakaa hapo kidogo. Mwaka 2003 Joyce Ehrlinger na Dunning yule yule waliwapa wanafunzi wa Cornell, wa kike na wa kiume, maswali 10 ya sayansi. Wavulana walipata wastani wa 7.9, wasichana 7.5, tofauti ambayo kitakwimu si tofauti. Lakini walipoulizwa wanadhani wamepata mangapi, wavulana walisema 7.1, wasichana wakasema 5.8. Baadaye wote wakaalikwa kushiriki shindano la sayansi lenye zawadi. Wavulana 71 katika kila 100 walikubali. Wasichana waliokubali ni 49. Angalia kilichowatoa kwenye shindano. Alama zao zilikuwa nzuri. Kilichowatoa ni makadirio yao wenyewe, yaliyotokana na imani waliyoingia nayo kabla hata hawajaliona swali la kwanza.

Sasa lilete jambo hilo nyumbani, kwenye siku za kuchagua tahasusi baada ya kidato cha nne. Ni mabinti wangapi wamewahi kuiacha PCM kwa maneno "hesabu siziwezi", wakiwa na B ya hesabu mkononi? Binti, kabla hujaitamka sentensi hiyo tena, nakuomba uilete na ushahidi. Umefanya mitihani mingapi ya nyuma, kwa muda kamili, daftari likiwa limefungwa? Umepata ngapi? Kama hujapima, basi husemi habari za uwezo wako. Unarudia maneno ya watu waliokwambia hesabu ni za wavulana, na hao hawakukupima pia.

Turudi kwa wote. Kwa nini hisia inadanganya kiasi hiki? Kwa sababu kusoma kitu mara nyingi kunakifanya kiwe laini machoni, na ulaini huo akili inaupokea kama kujua. Shule zetu za bweni zinamsifu sana mtu wa msuli: taa yake haizimi, miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji baridi asipate usingizi, anaisoma nondo ile ile ya biolojia kwa mara ya tano. Bidii yake naiheshimu kwa moyo wote. Ila mara ya tano hasomi tena, anatambua tu. Jicho linakutana na neno "glomerulasi" na akili inasema: huyu namfahamu. Siku ya mtihani ukurasa ni mweupe, hakuna wa kumtambua, na mchoro wa nefroni unagoma kutoka.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis walilipima hili waziwazi. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu cha habari za kisayansi katika vipindi vinne mfululizo. Kwa wastani walikipitia mara 14 hivi. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja tu, kisha vipindi vitatu vilivyobaki walifunga karatasi na kuandika kila walichokumbuka. Waliulizwa wanadhani watakumbuka kiasi gani baada ya wiki. Waliosoma tu ndio waliojiamini zaidi. Na baada ya dakika tano walikuwa sahihi: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Ndiyo maana mtu anayekesha usiku wa kuamkia mtihani anaona njia yake inafanya kazi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliokuwa wanasoma tu walikumbuka asilimia 40, waliokuwa wanajijaribu asilimia 61. Waliojiamini zaidi ndio walioanguka zaidi, na hawakuwa wavivu. Walikuwa wamesoma kuliko wenzao.

Hali ni hiyo hiyo darasani. Nadhani unamfahamu yule mwalimu wa tuisheni ambaye akishika chaki kila kitu kinakuwa chepesi. Anatiririka, anatoa mifano, darasa linacheka, unatoka saa kumi na mbili jioni ukiwa na uhakika kwamba sumaku-umeme imekwisha. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya kwenye madarasa ya fizikia ya mwanzo. Wanafunzi walipata somo moja kwa mhadhara mtamu wa mwalimu hodari, na somo jingine kwa kuhangaika na maswali wenyewe katika vikundi kabla ya kupewa jibu. Vifaa na maudhui vilikuwa vile vile. Walipopimwa, walijifunza zaidi pale walipohangaika. Walipoulizwa wapi walihisi wamejifunza zaidi, walisema kwenye mhadhara. Yaani jasho la kutafuta jibu walilitafsiri kuwa dalili ya kutoelewa, kumbe ndilo lililokuwa linawafundisha. Sikwambii umkimbie mwalimu wako wa tuisheni. Nakwambia kwamba raha unayotoka nayo pale ni kipimo cha ufundi wake yeye.

Jijaribu sasa hivi, usiende mbali. Lori la mchanga limegongana uso kwa uso na bajaji. Katika sekunde ile ya kugongana, ni chombo kipi kimemsukuma mwenzake kwa kani kubwa zaidi? Andika jibu lako pembeni, na uandike una uhakika kiasi gani. Swali la pili: umerusha jiwe wima kwenda juu, limefika mwisho wa safari yake na papo hapo halipandi wala halishuki. Mchapuko wake ni kiasi gani? Andika.

Kani zinalingana. Ni kanuni ya tatu ya Newton, uliyoikariri kidato cha pili. Bajaji imeharibika zaidi kwa sababu tungamo lake ni dogo, hivyo kani ile ile imeipa mchapuko mkubwa. Na jiwe lile kileleni lina mchapuko wa mita 9.8 kwa sekunde ya mraba kwenda chini, kama ulivyokuwa tangu lilipotoka mkononi mwako. Kilichofika sifuri ni mwendo. Ukiwa umejibu vingine, uko pamoja na watu wengi. Kuanzia mwaka 1990 Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard ambaye wanafunzi wake walikuwa wakimsifu, aliwapa maswali ya namna hii. Vijana waliokuwa wanakokotoa mambo magumu bila shida walijikwaa hapo, na mmoja wao alimuuliza ajibu kwa namna alivyofundishwa au kwa namna anavyofikiri yeye mwenyewe. Swali hilo lilibadilisha ufundishaji wa Mazur moja kwa moja. Nawe ulibebe: katika kila mada, unachokikariri na unachokiamini ni kitu kimoja?

Basi tufanye kazi. Chukua daftari jipya, dogo, usilichanganye na nondo. Ukimaliza mada, usijikadirie siku hiyo hiyo. Thomas Nelson na John Dunlosky walionyesha mwaka 1991 kwamba mtu akijiuliza "nitakumbuka?" papo hapo baada ya kusoma, makadirio yake ni dhaifu, akijiuliza baada ya muda kupita, usahihi unapanda sana. Sababu ni rahisi: mara tu baada ya kusoma, kitu bado kinaelea juu juu akilini, na kila kitu kinaonekana kinajulikana. Kwa hiyo subiri. Lala. Kesho yake au keshokutwa, kabla ya kugusa daftari lolote, andika namba: kwenye maswali ya mada hii nitapata ngapi katika 100? Andika kwa kalamu ya wino usiweze kufuta.

Halafu fanya maswali, ya mtihani wa nyuma ikiwezekana, saa ikiwa mezani na kila daftari likiwa ndani ya begi la mwenzako. Pembeni ya kila jibu weka 1, 2 au 3: moja ukiwa unabahatisha au una mashaka, mbili ukiwa na uhakika wa wastani, tatu ukiwa tayari kuapa. Utaratibu huu sikuubuni mimi. Tony Gardner-Medwin, profesa wa fiziolojia wa University College London, aliutumia kwa wanafunzi wa udaktari tangu miaka ya 1990, na alama zake ni hizi: jibu sahihi linakupa 1, 2 au 3 kulingana na uhakika uliouweka. Jibu lisilo sahihi linakupa sifuri ukiwa uliweka 1, linakutoa alama 2 ukiwa uliweka 2, na linakutoa alama 6 ukiwa uliweka 3.

Piga hesabu uone ukali wake. Mwanafunzi ameweka 3 kwenye maswali 10, akapata 6 na kukosa 4. Amevuna 18, amepoteza 24, anatoka na hasi 6. Mwenzake mwenye majibu yale yale, sita sahihi na manne ya kukosa, lakini aliyejua kwamba hana uhakika na kuweka 1 kote, anatoka na 6. Ujuzi wao ni sawa. Tofauti ni kwamba mmoja anajua mpaka wa anachokijua. Ukiifuata hesabu hiyo utaona kwamba kuweka 3 kunalipa pale tu ambapo utakuwa sahihi zaidi ya mara 8 katika kila 10. Na wewe wa PCB unayeota koti jeupe, elewa kwa nini London waliwafanyia hivi madaktari watarajiwa: mgonjwa anaweza kuokolewa na daktari anayesema "ngoja nihakikishe dozi", ila yule mwenye hakika ya dozi isiyo sahihi atamuua.

Ukishasahihisha, tazama mahali pawili tu. Kwanza ni yale majibu uliyoweka 3 ukakosa. Hayo ni hazina. Pale ndipo umebeba imani isiyo sahihi, na hakuna kusoma tena kutakakoiondoa, maana ukifika kwenye ukurasa huo jicho linapita haraka kwa kuwa "hiyo naijua". Kaa na swali moja la aina hiyo hata saa nzima, uulize mwalimu, ubishane na wenzako mpaka ujue ni wapi hasa fikra ilipinda. Pili ni yale uliyoweka 1 ukapata. Hayo yanakwambia una uwezo ambao bado huuamini, na kwa wengi wenu, hasa mabinti, yatakuwa mengi kuliko mnavyotarajia.

Kisha linganisha namba uliyoikadiria na uliyoipata, na uandike sababu ya pengo kwa maneno yako. Usiishie kuandika namba peke yake. Douglas Hacker na wenzake, mwaka 2000, waliripoti juu ya wanafunzi wa chuo waliokadiria alama zao katika mitihani ya muhula mzima. Wanaofanya vizuri walizidi kuwa sahihi kadiri mitihani ilivyoendelea, lakini waliokuwa chini waliendelea kujikadiria juu mtihani hadi mtihani. Kutabiri bila kurudi kuuliza "kwa nini nimekosea?" hakumfundishi mtu. Andika hivi: nilidhani 75, nimepata 48, nilikuwa naijua fomyula lakini sikujua ni lini inatumika. Au hivi: nilidhani 40, nimepata 61; niliogopa neno "elektrolisisi" tu. Baada ya mada kadhaa utaona pengo linapungua, na utaona mapengo yako yana tabia. Kuna mtu anajidanganya kwenye hesabu pekee. Kuna mtu yuko sahihi kwenye nadharia yote, ila praktikali inamwangusha kila mara kwa sababu hajawahi kuishika bureti zaidi ya mara mbili.

Msaada wa bure upo, na wengi hawaugusi. Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania huchapisha kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Mle ndani, swali baada ya swali, unaelezwa watahiniwa walilijibuje na wale walioshindwa walikosea wapi, na unawekewa picha za majibu yenyewe, mazuri na mabaya, kwa mwandiko wa watahiniwa. Fanya mtihani wa mwaka huo kwanza, ujiwekee alama, kisha fungua taarifa. Utakutana na kosa lako limeandikwa kwa mkono wa mtu usiyemjua. Kama shuleni hakuna intaneti, mwombe mwalimu wa taaluma azipakue mara moja tu. Nakala moja inatosha darasa zima.

Usiziachie herufi kazi ya kukupima pia. C ya kidato cha nne inaanzia 45 na kuishia 64. Aliyeponea tundu la sindano kwa 45 na aliyekosa B kwa alama moja wote wanaandikiwa C, na wote wawili wanaweza kwenda nyumbani wakidhani wako mahali pamoja. Mmoja anahitaji kujenga upya msingi wa aljebra. Mwingine anahitaji kuacha kusahau vizio. Daftari lako dogo litakuonyesha wewe ni yupi, na litakuonyesha mapema, ukiwa bado na miezi ya kufanya kitu.

Najua kuna walio katika shule zenye mwalimu mmoja wa fizikia kwa madarasa yote, maabara yenye kabati tupu, na mwanafunzi bora anayepata 50. Kwenu nataka kumtaja Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Sekondari ya Magamba, kule Lushoto, wakitengeneza aiskrimu. Aliweka maziwa ya moto kwenye friza bila kusubiri yapoe, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa yakiwa hayana moto. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akaiita hiyo fizikia ya Mpemba, na wenzake wakaifanya kuwa dhihaka. Kijana yule angeweza kujihukumu kwa vicheko vyao. Alichofanya ni kuchukua bika mbili, maji ya bomba na maji ya moto, na kurudia jaribio. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipofika shuleni kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akasimama na kuuliza swali lake mbele ya wote. Osborne alirudi, akaagiza lipimwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kwenye jarida la Physics Education. Wanasayansi bado wanabishana kama maji ya moto huganda upesi kweli, na kwa masharti gani. Wanabishana kwa vipimo, kama alivyofanya yeye, na jina wanalolitumia ni la mwanafunzi kutoka Magamba.

Walimu wangu wapendwa, nanyi nina ombi dogo. Kwenye karatasi ya jaribio lijalo acheni kisanduku chini kabisa: "Unadhani umepata ngapi?" Mkirudisha karatasi, wapeni wanafunzi dakika kumi za kuandika kwa nini namba mbili zimetofautiana, kabla hamjaanza kusahihisha ubaoni. Na yule aliyejikadiria 30 akapata 30 msimcheke. Ana kitu ambacho mwenye 70 aliyedhani ana 95 hana, na mkimpa wiki tatu za kazi sahihi mtaona anavyosogea, maana yeye anajua pa kuanzia.

Na wewe, moko yako inakuja. Usiku wa kuamkia kila pepa, badala ya kupitia nondo kwa mara ya sita, andika kwenye daftari dogo somo, mada unazoziamini, mada usizoziamini, na namba moja. Ukitoka chumbani, wenzako wakiwa wanauliza ilikuwaje, rudi kwenye ukurasa ule, uandike namba ya pili, sasa ukiwa umeliona pepa lenyewe. Matokeo yakibandikwa, andika ya tatu. Namba ya kwanza ikiwa imeachana na ya tatu kwa alama 30, kazi ya mwezi ujao unaijua. Zikiachana kwa 5, ingia kwenye mtihani wa taifa ukiwa umetulia, ufungue karatasi, na uanze na lile swali ambalo pembeni yake ungeweka 3.